Kifungo cha Pili Kutoka Juu

Ilianza siku ya Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kwenye kifungo cha pili kutoka juu. Nilikuwa chumbani navaa shati la shule bila kuwasha taa, nisimwamshe mdogo wangu, na kifungo kikakataa kuingia tunduni. Nikajaribu tena. Vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine, tena mtu aliyevaa soksi mikononi. Nikasema moyoni ni usingizi tu. Nikaacha pale wazi, nikakumbatia daftari kifuani kuficha, nikaondoka.

Saa moja na nusu tulikuwa mstarini. Bendera inapanda, shule nzima inaimba, na magoti yangu yakalegea. Nikaketi chini mchangani katikati ya wimbo wa taifa.

"Wewe Zaituni! Simama wima!" mwalimu wa zamu akafoka.

Mimi ni mtu wa haya. Hata kuitika jina darasani huwa najiandaa tangu jina la mtu wa tatu kabla yangu. Sasa nifikirie mimi, nimeketi, watu wote wamesimama, na mwalimu anakuja kwa hatua ndefu akidhani nimefanya kiburi. Nilitaka kusimama kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Wenzangu wawili walininyanyua, na miguu ikaburuta. Hapo ndipo uso wa mwalimu ulipobadilika.

Nina tabia ya kuandika mambo yangu kila siku. Kwa karibu mwaka mzima sikuandika hata neno, maana sikuwa na mkono wa kushikia kalamu. Kwa hiyo haya nayaandika kwa kukumbuka, na nayaandika kwa ajili ya msichana mwingine, popote alipo, ambaye asubuhi moja kifungo chake kitakataa. Jina la ugonjwa daktari alinitajia, ni refu, na halikunisaidia kitu. Nitakuambia yaliyonisaidia.

Masika yote nililala wodini. Ganzi ilianza miguuni, ikapanda kiunoni, ikashuka mikononi, mpaka nikawa kichwa kinachoongea juu ya godoro. Mvua ikipiga kwenye bati, nzi wote wa Dar es Salaam wanahamia wodini, na nzi akitua puani mwako na huna mkono, utamjua Mungu. Mama wa kitanda cha jirani, mwenyewe ana kidonda hatari, alikuwa anaunyoosha mkono wake na kipande cha kanga ananipungia usoni. Hakuna aliyemwambia. Hatukuwa tunajuana. Alipotoka hospitali alimwachia mama kile kipande cha kanga.

Nywele zangu zilikatwa zote kwa sababu hakuna wa kuzisuka. Mapaja yalikonda, nikafanana na picha za watoto wa njaa. Na mambo ya wanawake hayakusubiri nipone. Mwezi ulipofika nilifanyiwa kila kitu na mama, vitambaa na yote, nyuma ya pazia la wodi, na mimi nikifumba macho nikijifanya nimelala. Mama naye akijifanya anaamini. Sijawahi kumshukuru kwa kule kujifanya.

Kipupwe kilipoingia, miguu ilianza kurudi. Nilirudishwa nyumbani, nyumba yetu iko Kariakoo, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, na nikawa natembea kwa kushika ukuta wa ukumbi kutoka mlango wa mbele mpaka uani. Lakini mikono haikurudi. Ilining'inia tu. Nilipewa uji kwa kijiko kama mtoto, mdogo wangu wa darasa la pili akinipangusa kidevu na kusema, "Fungua mdomo, dada, ndege inaingia."

Ndipo shangazi alipokuja kutoka Maneromango. Ni dada mkubwa wa baba, na baba mbele yake huwa anakuwa mtoto tena. Alinitazama siku ile ya kwanza mama akinivalisha. Jioni akamwita baba kibarazani, na dirisha langu liko palepale kibarazani.

"Salumu, mtoto ameshavunja ungo."

"Naam, dada."

"Hawezi kujivalisha. Hawezi kujisitiri. Utampeleka shule akakae na wavulana, siku zake zikimfika nani atamfungua na kumfunga? Mwalimu?"

Nikasikia kiti cha baba kikilia.

"Na mkeo nazi zake zinaoza sokoni kwa sababu anashinda anamwogesha mtu mzima. Nipe mimi. Kule kuna shamba, kuna kivuli, kuna wazee wa dawa. Atakaa na mimi mpaka Mungu atakapoamua."

Sikumchukia. Kila alichosema kilikuwa kweli, na ndicho kilichonitisha. Nilijua mtu akipelekwa kukaa hivyo shule huwa imekwisha. Nitakuwa yule mgonjwa wa nyumba ya shangazi, anayeonyeshwa wageni.

Baba akasema mwishowe, "Dada, tusubiri. Shule zikifunguliwa Januari, akiwa anaweza kujivalisha mwenyewe, abaki. Akiwa hawezi, mchukue."

"Mwenyewe," shangazi akasisitiza. "Bila mama yake."

"Mwenyewe."

Basi hayo ndiyo yalikuwa masharti, na mimi niliyasikia nikiwa nimeegemea ukuta na mikono yangu miwili imekaa mapajani kama imesahauliwa pale na mtu.

Wiki iliyofuata tulirudi hospitali kuonana na daktari. Tulikaa kwenye benchi tangu alfajiri, benchi lile ambalo likijaa kila mtu anasogea na aliyekaa mwisho anadondoka. Daktari alinipima, akanigonga viwiko, akaandika, akamwambia mama, "Huyu sasa aende chumba cha kazi. Kila Jumatatu na Alhamisi."

"Chumba cha nini, daktari?"

"Cha kazi. Mwisho wa kibaraza, karibu na jiko. Anayefuata!"

Nyumbani habari ilipotolewa, baba aliweka chini kikombe cha chai. Baba ni fundi wa karakana ya reli Gerezani.

"Miaka yote narudi hapa nanuka grisi ili mtoto asome. Leo anaumwa, wanampa kazi?"

"Wamesema kila Jumatatu na Alhamisi," mama akasema.

"Kazi gani? Kwa mikono ipi?"

Shangazi akacheka kwa uchungu. "Si ndiyo mambo ya siku hizi? Redioni kazi, ukutani kazi, mkutanoni kazi. Asiyefanya kazi ni kupe. Wameona mtoto kalala kitandani kwao miezi, anakula uji wa serikali bure. Sasa wanataka alipe."

Utacheka, lakini mimi niliamini. Shuleni tulikuwa tumechora kupe kwenye karatasi kubwa, ana tumbo na miguu mifupi, chini tukaandika MNYONYAJI. Mimi ndiye niliyempaka rangi. Nililala nikimwona kupe yule ana uso wangu.

Alhamisi mama alinivalisha, akachukua fagio la chelewa, tambara na ndoo. Nikamuuliza vya nini. Akasema, "Wewe utakaa. Kama ni kufagia, nitafagia mimi kwa niaba yako. Wakiuliza, sema tumepokezana."

Tulifika mapema, mlango wa chumba uko wazi, juu yake pameandikwa CHUMBA CHA KAZI, hakuna mtu isipokuwa mzee mmoja kakaa pembeni na vibanio vya nguo mbele yake. Mama hakungoja. Akaniketisha, akafunga kanga kiunoni, akaanza kufagia. Akafagia chini ya meza, akasogeza viti, akakung'uta mikeka dirishani. Yule mzee akatazama tu. Mama alikuwa amepiga magoti anapangusa sakafu, ndipo akafika mwanamke mrefu wa makamo, gauni jeupe, akasimama mlangoni.

"Habari za kazi, mama," akasema.

"Nzuri," mama akajibu bila kuinuka. "Karibu namaliza. Huyu mtoto mikono haifanyi, lakini kazi yenu haitalala."

"Kazi yetu ipi?"

"Hii ya Alhamisi."

Yule mwanamke akamtazama mama, akanitazama mimi, akatazama ndoo. Kisha mzee wa vibanio akaangua kicheko mpaka upande mmoja wa uso wake, ule ambao haukuwa umepooza, ukapanda juu kama pazia. "Bi Tekla! Nilikuambia hilo jina la mlangoni litakuletea watu na majembe!"

Bi Tekla hakucheka. Alivua viatu, kwa sababu sakafu ilikuwa imepanguswa, akaja akachuchumaa mbele yangu. Nilidhani atauliza naumwa wapi, maana kila mtu huuliza hivyo.

"Unaitwa nani?"

Nikamjibu kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Zaituni, kuna kitu gani ulikuwa unakifanya, sasa huwezi, na kinakuuma kuliko vyote?"

Mama akadakia, "Alikuwa anasoma sana huyu, mwandiko wake..."

"Mama, samahani. Namuuliza yeye."

Hakunihimiza. Mzee wa watu alikuwa anahangaika na kibanio chake, kinadondoka, anaokota. Mwishowe nikasema, "Kufunga vifungo."

"Vya nini?"

"Vya shati langu. Mwenyewe."

"Basi hiyo ndiyo kazi," Bi Tekla akasema. "Haya, tuanze."

Yule mzee aliitwa Mzee Maganga, Mnyamwezi, aliyekuwa amebeba magunia Kariakoo tangu ujana wake mpaka kiharusi kilipomkuta na gunia la mbaazi begani. Alipojua sisi ni Wazaramo tulikwisha. Ni watani.

"Aa, ndiyo maana! Mzaramo ameukimbia mzigo mpaka mikono yenyewe imegoma!"

"Na wewe Mnyamwezi," mama akamrudishia hapohapo, "umetamani mizigo ya watu mpaka upande mmoja umekuambia basi, tumetosheka!"

Na kila nilipoingia aliniuliza kwa nguvu, "Mfungwa wetu huyo! Hukumu yako bado? Umeshafungua kifungo, au kifungo ndicho kimekufunga?" Nilikuwa naona haya, lakini nikawa naisubiri Jumatatu.

Kazi zenyewe mwanzoni zilikuwa za kitoto. Kuchambua choroko. Kuuminya udongo wa mfinyanzi. Bi Tekla alikuwa anasogeza kidole changu kimoja kimoja, na kingine kikitikisika chenyewe alikuwa ananyamaza na kunionyesha kwa macho, kama mtu aliyeona ndege na hataki aruke. Aliniwekea donge la udongo mkavu mno siku moja, nikashindwa hata kuacha alama, nikalia. Akasema, "Lia, lakini mkono usiutoe."

Mama ndiye aliyeuliza, siku ya mvua za kwanza za vuli, tukingoja zipungue. "Bi Tekla, haya mambo umeyatoa wapi? Songea kwenu wanatibu hivi?"

Bi Tekla akacheka. "Nimesomea ng'ambo, mama. Lakini hata kule ilianza kama mchezo." Akaendelea huku ananiminyisha udongo. "Zamani huko Ulaya, mtu akichanganyikiwa akili alitiwa mnyororo ukutani. Wakatokea watu wachache wakasema, hebu mfungueni. Mpeni bustani, mpeni mbao, mpeni uzi afume."

"Akafuma?"

"Wengine walifuma vibaya sana. Lakini aliyekuwa akipiga kelele kutwa alinyamaza, anautafuta uzi wake ulipoishia. Wale watu wakashika hapo. Kwamba mtu ukimnyang'anya kila cha kufanya, umemwongezea ugonjwa. Baadaye ikaja vita kuu. Vijana wakarudi hawana mikono, wengine mikono wanayo lakini inatetemeka, kijiko hakifiki mdomoni. Wakachukuliwa wanawake, walimu na wafumaji na wachoraji, wakaingia nao wodini na vikapu na vyerehani. Madaktari wengine waliwacheka. Walisema hospitali si karakana. Wao wakaendelea. Wakaanzisha chama chao, wakafungua vyuo, ikawa fani yenye jina lake. Sisi huku tunaiita tiba ya kazi, na jina hilo, kama ulivyoona, linaleta watu na ndoo."

Mama akajifunika uso kwa kanga.

"Vita ya ngapi hiyo?" Mzee Maganga akauliza. Hakuwa anatania.

"Ya kwanza, mzee."

"Ile ya Mjerumani na Mwingereza?"

"Hiyohiyo."

Akaweka kibanio mezani. "Basi hiyo ndiyo iliyoupa jina mtaa wa huyu mtoto. Kariakoo ni jina la Kizungu la kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, sisi tukalitamka kivyetu, na kambi yao ilikuwa pale. Baba yangu aliondoka Tabora na mzigo kichwani, mzima, akarudi shingo imepinda na mkono umekufa. Alikaa mlangoni mpaka alipokufa. Sikumbuki mtu aliyemletea uzi."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Bi Tekla aliuacha mkono wangu.

"Hapana, mzee," akasema. "Hawakuletewa. Huku fani hii imechelewa, ndiyo kwanza inaanza. Waliotangulia walikwenda kwa wakoma na wenye maradhi ya akili. Nchi nzima sisi wenye kazi hii tunaenea kwenye mkeka mmoja na nafasi ya sinia la wali inabaki." Akakiokota kile kibanio, akamrudishia. "Haya. Hiki kibane kwa ajili ya baba."

Mzee Maganga alihangaika nacho muda mrefu mpaka kikauma kamba. Hakusema utani wowote siku ile. Tangu hapo nikipita sokoni, ambako nguzo za soko jipya zilikuwa zinapanda, nilikuwa natazama makuli na kuhesabu kwamba na mimi ni mtu wa hapa, wa mtaa uliobeba mizigo.

Mama naye akawa amepata la kusema. Alhamisi ya pili yake alikuja na mbuzi ya kukunia na nazi kapuni. "Bi Tekla, huo udongo wako hauliwi. Mtoto wa muuza nazi, mpe nazi."

Bi Tekla alishangilia kama aliyeletewa mashine kutoka ng'ambo. Nikawa nakuna, kwanza mama akiushika mkono wangu juu ya kifuu, baadaye peke yangu, chenga zinaruka kila upande. Halafu kukamua. Kukamua tui kunataka mkono mzima, kiganja na vidole vyote, kufumba, kushikilia, kuachia. Bi Tekla kwao hawapikii nazi, kwa hiyo mama ndiye aliyekuwa mpimaji. Anachovya kidole, anaonja.

"Maji."

Wiki inayofuata, "Maji ya jana."

Baadaye, "Hili angalau limeshapita karibu na nazi."

Siku aliyosema, "Hili la kupikia maharage," nilirudi nyumbani kwa miguu, sikutaka basi.

Lakini vifungo vilikuwa bado. Nguvu ilikuwa imerudi kiganjani, ila ncha za vidole zilikuwa bado na ganzi, na kifungo ni kazi ya ncha. Desemba ikaingia na joto lake. Shangazi alirudi kutoka Maneromango na kapu jipya, kubwa, la kutilia nguo zangu. Alilitundika kwenye msumari ukumbini na kila nilipopita lilinigusa bega.

Bi Tekla akasema anataka kumwona baba. Baba alikwenda amenuna, kwa nguo za karakana, ili waone yeye ni mtu wa kazi kweli. Nilimwona anavyosimama mlangoni. Akaona kitanda cha kufumia, msasa, vijiko vilivyoongezwa mipini minene, kiatu kilichofungwa kwa mpira badala ya kamba. Akachukua kijiko kimoja, akakigeuza.

"Mpini huu nani kautengeneza? Umekaa vibaya."

"Mimi," Bi Tekla akasema.

"Mkono utateleza hapa. Hapa palitakiwa pawe na tumbo."

"Ndiyo sababu nimekuita, fundi."

Sijamwona baba akibadilika uso haraka hivyo. Bi Tekla akamweleza anachotaka. Kitu kama kulabu, waya mwembamba uliokunjwa, unapita kwenye tundu la shati, unakamata kifungo, unakivuta kinapita. Mpini uwe wa mkono wangu, si wa mkono wa mtu yeyote. Baba akanishika kiganja akakipima kwa vidole vyake vyeusi vya grisi. Tangu niugue hakuwa amenishika mkono. Nadhani alikuwa anauogopa.

Alikuja nacho Ijumaa, kimefungwa kwenye gazeti. Mpini wa mninga, umepigwa msasa mpaka unateleza kama mafuta ila una tumbo katikati, na waya umekunjwa vizuri sana. "Karakana nzima wamekijadili," akasema, akatoka haraka kwenda kuswali.

Nilikidondosha mara nyingi. Kilichana tundu moja la shati. Lakini kifungo cha kwanza kilipopita, kikatoa kimlio kidogo, nilikaa nimekishikilia hapohapo, siendi mbele wala nyuma.

Jumapili ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, shangazi aliketi uani kwenye kigoda, amevaa miwani yake, msahafu pajani. Kapu liko miguuni pake. Baba na mama wamekaa mkekani, mdogo wangu mlangoni. Niliingia chumbani peke yangu, nikafunga mlango. Sketi. Shati. Joto lilikuwa linanitiririka mgongoni. Nilisikia mama anakohoa, na najua kile kikohozi, ni cha mtu anayejizuia asije.

Nikatoka nimevaa.

Shangazi akainuka, akanizunguka. Akatazama kola, akatazama mikono, akavuta sketi nyuma. Kisha akaiona kulabu mkononi mwangu.

"Kumbe. Sasa hapo amevaa nani? Si hicho chuma ndicho kilichomvalisha?"

Baba akajishughulisha na ncha ya mkeka. Ni dada yake mkubwa. Mama akainamisha kichwa. Nikaona kabisa lile kapu linavyokuja kwangu, na sijui sauti ilitoka wapi, maana haikuwa ya kunong'ona.

"Shangazi, na wewe hiyo miwani ndiyo inayosoma msahafu?"

Jirani aliyekuwa anafua upande wa pili akaacha kufua. Kisha baba akatoa kicheko, akakizuia kwa mkono, kikatoka puani.

"Huyu ndiye aliyekuwa hasemi?" shangazi akauliza.

"Na kimoja," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza, "hiki cha pili kutoka juu, tundu lake ni dogo, kulabu haiingii. Hiki nimefunga kwa vidole."

"Nionyeshe."

Nikakifungua. Nikaanza upya. Kidole gumba kinasukuma, cha shahada kinavuta, kinateleza. Kinasukuma, kinateleza. Nilipoinua macho kidogo niliona mikono ya shangazi juu ya msahafu, vidole vyake vinasukuma na kuvuta hewani pamoja na vyangu, mwenyewe hajui. Kifungo kikaingia.

Shangazi alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga, akaifuta sana.

"Salumu," akasema, "kesho nikatie tiketi ya mtu mmoja."

Asubuhi yake niliamka wa kwanza. Nilivaa, nikachemsha chai, nikalifunga kapu la shangazi kwa kamba ya katani. Ndani shangazi alikuwa ameweka nazi za mama badala ya nguo zangu. Tulipofika mlangoni akakumbuka ameitumbukiza miwani humo humo. Akahangaika na fundo, akajaribu kwa meno.

"Nani kafunga hili fundo la kufungia ng'ombe?"

"Mimi, shangazi."

Akanitazama. Ikabidi nilifungue mwenyewe, na kufungua ni kugumu kuliko kufunga, kisha nikalifunga tena. Basi lake likaondoka, na mimi nikachelewa shule.

Wachelewaji walikuwa wamepangwa pembeni. Mwalimu wa zamu, yuleyule, alikuwa anawagawia adhabu: wewe maji, wewe fagia, ninyi wawili palilieni mchicha. Akanifikia. Akatazama mikono yangu, akapunguza sauti.

"Zaituni. Karibu tena. Wewe kaa kivulini, mwanangu, wewe mgonjwa."

Wachelewaji wote walikuwa wananitazama. Masikio yaliniwaka moto.

"Hapana, mwalimu," nikasema, na nadhani mpaka ofisini walinisikia. "Na mimi nipe kazi."

Akaninyooshea kidole kitalu cha mchicha. Nikapiga magoti mchangani, safari hii kwa hiari yangu, nikang'oa magugu kwa ncha za vidole mpaka kengele ilipolia.